Kibao cha "Mbwa Kali"

Ukitoka Majengo, hapa Mombasa, ukauambaa uwanja wa Tononoka kwenda upande wa Tudor, tazama mageti. Ya mabati, ya mbao, ya chuma kilicholiwa na chumvi ya bahari, na hapa na pale utakuta maneno mawili kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. Nyumba nyingine hazina mbwa hata mmoja. Kibao chenyewe ndicho mlinzi. Hakili, hakiugui, hakitaki chanjo. Mji wa Kale vibao hivyo huvioni sana, kule ni ufalme wa paka. Lakini huku, kwenye nyumba zenye ua na mwembe mmoja, mbwa ana kazi yake na kibao kina yake.

Swali langu ni hili. Polisi akiingia uani usiku na bunduki, mbwa wa nyumba akamrukia, polisi akafyatua, dhima ni ya nani? Nimewaketisha watu watano kwenye mabenchi kando ya uwanja, jioni, muuza kahawa akiwa wa sita. Watu hao nimewabuni, msomaji usiende kuwatafuta. Sheria, kesi na miaka wanayoitaja sikuibuni.

Nikawapa kisa cha mfano. Saa nane za usiku. Polisi wanne wanamtafuta kijana anayedaiwa kuwapora watu simu kwa panga. Wameambiwa amelala nyumba yenye geti la buluu. Wanaruka ukuta. Mbwa anatoka uvunguni mwa gari bovu, anabweka, anawaendea mbio. Mlio mmoja. Taa zinawaka nyumba kumi kwa pamoja. Kijana hayumo, na hajapata kulala humo. Geti la buluu lililokusudiwa liko nyumba ya tatu kutoka hapo.

AFANDE: Nianze mimi, maana najua mwisho mtanigeukia. Ile sare nimeivaa zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu sajini, sidaiwi na mtu. Mtu mwenye panga waweza kumwambia simama, tupa chini, lala. Pana mazungumzo pale. Mbwa hana mazungumzo. Wasikia makucha kwenye saruji, sekunde mbili yuko magotini mwako. Akikuuma, asubuhi uko Hospitali Kuu ya Pwani kwenye foleni ya sindano, na sindano zenyewe si moja. Nani atakufidia? Mwenye kibao?

MAMA: Mwenye kibao ni mimi, baba. Na wewe hukubisha hodi.

AFANDE: Msako wa saa nane hauna hodi, mama. Ukipiga hodi mbele, mtu wako ameshatokea nyuma.

MAALIM: Subirini. Kabla ya hodi, kibao. Neno sahihi ni "mbwa mkali". Nimefundisha Kiswahili miaka na miaka, na kila nikipita hapa moyo wanichoma.

MUUZA KAHAWA: Maalim, mwizi hasahihishi insha.

WAKILI: Maalim, shikamoo, niruhusu nikichukue kibao hicho nitoke nacho. Mimi kazi yangu kubwa iko hapo Mahakama ya Watoto Tononoka, kesi za mbwa sizipati. Lakini kibao ni maandishi, na maandishi ni ushahidi. Nacho kinakata pande zote mbili. Mwenye nyumba amekiri kwa mkono wake kwamba mbwa wake ni mkali. Akimuuma msoma mita ya stima aliyekuja mchana kwa kazi yake, hawezi kusema hakujua. Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza humshika mwenye mnyama kwa kile alichokijua. Hapo mama uko taabani. Ila upande wa pili, polisi aliyepita chini ya kibao kile hawezi kuandika kwenye ripoti kwamba mbwa alimtokea ghafla. Ameambiwa. Kwa rangi nyekundu.

AFANDE: Saa nane usiku, mwanangu? Kwa taa gani?

WAKILI: Kwa tochi ileile mliyotafutia rangi ya geti, afande.

Afande alinyamaza akainywa kahawa yake. Nami nakiri kwamba sikulifikiria hilo kabla ya kuwaketisha. Kikosi kinachoweza kuona gizani kwamba geti ni la buluu kinaweza kuona na kilichoandikwa juu yake.

WAKILI: Twende kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ina Jedwali la Sita, na humo ndimo yalimo masharti ya nguvu na silaha. Bunduki huja mwisho, njia nyingine zikishindwa. Ni ya kuokoa maisha, au kujikinga na kumkinga mwingine dhidi ya kifo au jeraha kubwa lililokwisha kufika mlangoni. Kulinda mali pia kumo, kwa nguvu zenye sababu. Na kabla ya kufyatua, afisa ajitambulishe, atoe onyo, ampe anayeonywa nafasi ya kulisikia.

MUUZA KAHAWA: Amwonye mbwa?

Walicheka wote, na Afande akacheka kuwashinda. Nikawaacha wamalize. Kisha Mama, ambaye hakucheka, akasema jambo ambalo naona ndilo lilikuwa zito kuliko yote ya jioni ile.

MAMA: Mbwa hajui Kiswahili cha polisi. Mimi nakijua. Mngeniita, "Mama, funga mbwa, ni polisi," ningetoka na leso kichwani nikamfunga kwenye mwembe, mkapekua hadi chini ya godoro. Onyo la mbwa anapewa mwenyewe. Mkiruka ukuta kimyakimya, mmemnyima mbwa mtu wa kumtuliza, kisha mwamlaumu kwa kutotulia.

AFANDE: Na kama kijana yumo? Sauti hiyo hiyo ya kukuita wewe yamwamsha yeye.

MAMA: Mlio wa risasi haukumwamsha?

Hapo Afande alitaka kujibu akaacha. Ningelikuwa mimi ningelijibu hivi: risasi haikupangwa, ilitokea. Na jibu hilo ndilo linalotupeleka mbali, kwa sababu jambo ambalo halikupangwa lina mtu ambaye hakulipanga.

WAKILI: Kuna kipengele kingine watu hawakisomi. Jedwali lile lasema matumizi yoyote ya bunduki, hata kama hakuna aliyeumia, yaripotiwe mara moja kwa mkubwa wa kazi. Na yakileta kifo, jeraha kubwa "au matokeo mengine mazito," mkubwa huyo apeleke habari IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, nayo ichunguze. Sasa nawauliza: mbwa wa nyumba akiuawa mbele ya watoto, hayo ni matokeo mazito?

AFANDE: La. Samahani mama, lakini la. IPOA ina maiti za watu inazozichunguza. Ukiipelekea na mbwa, utaizika kwa makaratasi.

DAKTARI WA MIFUGO: Hapo niko na Afande, ingawa kazi yangu ni wanyama. Ila ile ripoti ya kwanza, ya kwa mkubwa, hiyo haina mjadala. Risasi ilitoka. Ganda liko uani. Iandikwe ilikokwenda.

Nami hapo niko na Daktari. Risasi ya serikali inanunuliwa kwa pesa za umma na inatolewa ghalani kwa hesabu. Ikimpiga mtu, tunauliza. Ikimpiga mbwa, huwa tunasema "ni mbwa tu," na kwa maneno hayo matatu risasi nzima inapotea kwenye daftari. Ugomvi wangu katika makala haya ni na maneno hayo. Mtu aliyejifunza kwamba kuna risasi isiyoulizwa amejifunza somo baya sana kwa mtu mwenye bunduki.

AFANDE: Sasa na mimi niulize. Mama, leseni ya mbwa unayo?

MAMA: Kadi ya chanjo ninayo. Leseni, tangu nihamie hapa hakuna aliyekuja kuniuliza. Huyu mbwa nilimchukua hajafumbua macho, baada ya wezi kuvunja dirisha, nami niko na wanangu wawili peke yetu. Usiku ule nilipiga simu polisi, hakuja mtu. Tangu nimpate mbwa, sijapiga simu tena. Mbwa hasemi gari halina mafuta.

AFANDE: Basi una silaha uani isiyo na leseni, mama. Ndiyo lugha yake.

Nimkatize Afande kidogo, maana hapa pana jambo ambalo Wakenya wengi hawalijui: mbwa ametajwa kwenye Katiba. Fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya kazi za kaunti. Baada ya kilimo na afya na hewa chafu utakuta kudhibiti wanyama na kutunza ustawi wao, ikiwemo kutoa leseni za mbwa, na kuweka mahali pa kuwatunzia na kuwazikia wanyama. Waliotunga walikaa wakafikiria hadi kaburi la mbwa. Kwa hiyo mbwa ni wa kaunti. Bunduki ni ya serikali ya kitaifa. Kati ya hao wawili pangekuwa na daftari moja, nyumba fulani, mbwa wawili, wamechanjwa, na mkuu wa kituo angelifungua kabla hajatuma watu wake ukutani. Leseni ni pesa kwa kaunti, kweli, lakini pia ni habari. Mahali pasipo daftari, habari ya mbwa humfikia polisi kupitia meno.

DAKTARI WA MIFUGO: Na bila daftari, kila mbwa anakuwa mbwa koko. Hapo ndipo hofu yetu ya kichaa cha mbwa inapoharibu mambo. Kuna Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Eneo likitangazwa kuwa na ugonjwa, maafisa, polisi wakiwemo, wana ruhusa ya kumuua mbwa anayezurura. Sikatai. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, na karibu wote, 99 kwa mia, waliupata kwa mbwa. Ukishaanza kuona dalili, hakuna dawa. Nimeshamwona mtu aliyeogopa kikombe cha maji. Lakini sheria ile ni ya mbwa anayezurura kwenye eneo lililotangazwa. Haisemi mbwa aliyelala uvunguni mwa gari, ndani ya ukuta wa mwenyewe.

AFANDE: Aliyelala hakumkimbilia mtu.

DAKTARI WA MIFUGO: Aliamshwa, afande. Ngoja nimalize. Hata kwa wanaozurura, risasi haiponyi mji. Ukiwaua mbwa mtaa huu, nafasi yao, na jalala lao, huchukuliwa na wengine kutoka mtaa wa pili, na hao huna habari zao. Kinachokata ugonjwa ni kuchanja mbwa 70 kwa kila 100. Tazama jirani yetu Pemba. Walichanja mbwa kampeni baada ya kampeni, kufikia 2014 ugonjwa ukakatika. Mwaka 2016 ukaingizwa tena kisiwani. Wakarudi na sindano, na 2018 ukaondoka. Sisi Kenya tuna mkakati wa kuumaliza kufikia 2030, ulioanza 2014. Mbwa wa mama huyu, mwenye kadi ya chanjo, ni mmoja katika wale 70. Mmemuua mlinzi wa jirani zake pia.

MAMA: Sikulijua hilo.

DAKTARI WA MIFUGO: Hata anayekuona najisi analindwa na chanjo ya mbwa wako.

Macho yakamgeukia Maalim. Mombasa huwezi kuzungumza mbwa ukamruka Maalim.

MAALIM: Mwaniangalia kama kwamba mbwa ni kesi yangu. Haya. Sisi wafuasi wa Imamu Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo chaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo ni la kuosha chombo. Si ruhusa ya kuua. Mbwa wa kuwinda ametajwa, mbwa wa mifugo na shamba ameruhusiwa, na wanavyuoni wakampimia humo mbwa wa kulinda nyumba. Watu wa Pangoni walikuwa na mbwa wao kizingitini, Sura ya Al-Kahf yamtaja pamoja nao. Na yule aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, hadithi yatwambia alisamehewa. Kwa hiyo asije mtu akaniambia, "Maalim, ni mbwa tu."

WAKILI: Na fidia, Maalim?

MAALIM: Hapo wanibana, mwanangu. Kwa madhehebu yetu mbwa hauzwi, hana bei, na asiye na bei hana fidia. Aliyemuua bila haki ana dhambi, lakini halipi. Ndugu zetu wa Kihanafi, na hapa Mombasa tunao, wao wasema ana thamani, alipwe. Nimeishi na hitilafu hii maisha yangu yote sijaona uzito wake mpaka leo. Dhambi bila malipo. Ndiyo hali ya huyu mama, au siyo?

Ndiyo hali yake hasa, na si kwa fiqhi pekee. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, humwadhibu aliyemtesa mnyama bila sababu; adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Shilingi 3,000! Kwa bei ya leo haikununulii mtoto wa mbwa wa mbegu nzuri. Mahakama nazo hutazama mbwa kama mali: alinunuliwa kwa ngapi, ana umri gani. Mbwa koko aliyeokotwa hajafumbua macho alinunuliwa bure. Usiku aliomlinda mtu hauna risiti.

MAALIM: Nawapa na moja ya ng'ambo, kisha ninyamaze. Bombay, mwaka 1832. Serikali ya Waingereza ilitaka kupunguza mbwa mjini. Ikaahidi ana nane, yaani nusu rupia, kwa kila mbwa aliyeuawa. Rupia ile ile iliyotumika hapa Mombasa hadi 1920. Mnajua kilichofuata? Makonstebo walianza na mbwa wa njiani, wakaishia na mbwa wa watu, hadi vizingitini. Waparsi, ambao kwao mbwa ana heshima ya dini, wakaja juu tarehe 6 Juni, wakawapiga makonstebo, wakafunga maduka, mji ukasimama. Nani alikuwa na kosa: konstebo aliyetaka nusu rupia, au aliyeipanga nusu rupia?

AFANDE: Aliyeipanga. Lakini aliyepigwa ni konstebo.

Hilo Afande alilisema kwa sauti ya chini, na nadhani lilikuwa limemkaa kifuani miaka thelathini.

WAKILI: Afande, umefika nilipotaka tufike. Nina kesi, na nakuomba usidhani nalinganisha mtu na mbwa. Agosti 2014, Kinango, hapo Kwale. Polisi walikwenda nyumbani kwa watu kumtafuta mtu mwingine wa ukoo. Msichana wa miaka 14 akauawa kwa risasi ndani ya nyumba. Walijitetea kuwa aliwatokea na panga. IPOA ikachunguza, kesi ikasikizwa Mahakama Kuu hapa hapa Mombasa, na Februari 2016 maafisa wawili wakahukumiwa miaka 7 kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Wakakata rufani, Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hatia yao.

AFANDE: Kesi hiyo naijua. Mtoto wa watu. Usimweke na mbwa, nakuomba.

MAMA: Hamweki na mbwa, baba. Auweka mlango na mlango. Usiku na usiku. Aliyetafutwa hayumo, aliyemo ndiye aliyepatikana na risasi. Mimi niliposikia mlio uani kwangu, sikujua kama ni mbwa. Nilianza kuhesabu watoto.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Muuza kahawa alizoa vikombe, akavisuuza ndooni, akamimina tena bila kuulizwa.

WAKILI: Ninachotaka kusema ni kwamba waliofungwa Kinango ni waliofyatua. Na ni haki, kwa kuwa Jedwali lile lile lasema amri ya mkubwa si kisingizio cha nguvu isiyo halali. Lakini aliyechagua nyumba ile, saa ile, na habari ile, huwa hayuko kizimbani.

AFANDE: Sasa unasema maneno yangu. Mimi sikumbuki siku niliyoketi darasani nikaambiwa, mbwa akija fanya hivi. Kikosi cha mbwa wana mafunzo yao, hao wajua lugha ya mbwa. Sisi wengine twapewa bunduki na anwani. Anwani yenyewe geti la buluu. Ningalipewa mtu mmoja aliyesomea mbwa, au hata nyama ya mia mbili, yule mbwa yu hai.

MUUZA KAHAWA: Nyama ya mia mbili kwa bucha gani, afande?

DAKTARI WA MIFUGO: Ni kama yule simba Mohawk, Isinya, Machi 2016. Alitoka mbugani Nairobi, watu wakamzunguka, akajeruhi mtu mmoja, na waliokuwa karibu walikuwa na risasi, si sindano ya usingizi. Nchi nzima ikalia. Askari aliyefyatua akatukanwa. Mtu anayekuja na kifaa kimoja atakitumia hicho.

Wamarekani, ambao mbwa kwao ni mtoto wa nyumba, jambo hili limewakuta mara nyingi. Julai 2008 huko Berwyn Heights, jimbo la Maryland, polisi wenye silaha nzito walivunja nyumba ya meya wa mji, Cheye Calvo, wakifuata kifurushi cha bangi kilichotumwa kwa jina la mke wake bila wao kujua. Mbwa wake wawili wakauawa kwa risasi. Meya akafungwa mikono, mama mkwe wake pia, na baadaye ikadhihirika kuwa hawakuwa na hatia yoyote. Kinachonivutia ni kilichofuata. Mwaka 2009 bunge la Maryland lilitunga sheria iliyovilazimisha vikosi hivyo kutoa hesabu ya misako yao kila baada ya miezi 6, pamoja na kueleza kama mtu au mnyama wa nyumbani aliumizwa au kuuawa. Sheria ile ilikuwa ya muda, ikaisha 2014. Jimbo la Colorado nalo, mwaka 2013, likaagiza polisi wafunzwe kumsoma mbwa na kumpa mwenyewe nafasi ya kumfunga. "Mama, funga mbwa." Ni lile lile alilolisema Mama kando ya uwanja wa Tononoka, ila kule lina muhuri wa bunge.

MAALIM: Basi mwandishi, wewe ndiye uliyetuita. Hukumu ni ipi?

Nilitaka kukwepa, nikaona si adabu. Sigawi dhima mafungu sawa kama nyama ya hitima. Fungu kubwa ni la yule aliyewatuma: aliyepokea habari ya geti la buluu akatosheka nayo, hakuuliza nani anaishi humo, hakutafuta kama kuna mbwa, akachagua ukuta badala ya mlango. Huyo hakufyatua, na kwa mujibu wa kisa changu hata jina lake hatulijui, jambo ambalo ni sehemu ya kosa. Fungu la pili ni la aliyefyatua. Sekunde mbili za Afande nazikubali. Mbwa mkubwa akimrukia mtu kooni, simwambii mtu aumwe kwa ajili ya makala yangu. Lakini aliyefyatua bila kuita, kisha akatoka bila kuandika, hana sekunde mbili za kujitetea. Ana usiku mzima na asubuhi yake. Kaunti ina fungu lake la daftari lisilokuwepo. Na Mama? Mama ana fungu dogo, nalo ni mnyororo. Mbwa anayefunguliwa usiku kwenye ua wenye ukuta mfupi ataruka siku moja ampate mtoto anayekwenda madrasa alfajiri, na siku hiyo Afande atakuwa mtu wa kwanza tutakayemwita.

MAMA: Fungu langu nalichukua. Wao je?

AFANDE: Niandikie langu pia. Lakini liandikwe chini ya lile la mkubwa.

MAALIM: Na kibao kisahihishwe.

Kwako msomaji, kama jambo hili litakufika, Mungu aepushe. Usimzike mbwa kabla hujafika kituoni kuandikisha na kupewa nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio. Mpige picha alipoangukia, na ganda la risasi na ukuta. Daktari wa mifugo aandike risasi iliingilia wapi, maana mbwa aliyepigwa mbele na mbwa aliyepigwa mgongoni si kesi moja. Weka kadi ya chanjo. Malalamiko ya polisi yapelekwe IPOA, hata kama Afande ataguna. Ukitaka fidia, anayeshtakiwa kwa niaba ya serikali ni Mwanasheria Mkuu, na kwa Sura ya 39 ya sheria za Kenya una miezi 12 tangu siku ya mlio. Ikipita, hakuna wakili atakayekufungulia kesi hiyo.